Geti Jeusi, Ruiru

Mgeni anayetafuta ploti Ruiru huelekezwa hivi: shuka steji, pita kinyozi, ukiona geti jeusi piga simu. Mageti meusi ni mengi ajabu. Ndani ya geti hilo, hata hivyo, televisheni, simu na kamera ya ukutani kila moja ina anwani yake kamili, mathalani 192.168.1.7, na ruta huzifikia bila kumuuliza kinyozi.

Shida ni kwamba namba hiyohiyo anayo jirani, na mwingine Thika, na mwingine Muscat. Kanuni ya 1996, RFC 1918, ilizitenga namba za aina hiyo kwa matumizi ya ndani, nje hazitambuliki. Ploti nzima basi hutokea mtandaoni kwa anwani moja ya umma, kama kijiji kinavyopokea barua kwa S.L.P. ya shule, Thika 01000.

Ubahili huo una sababu: IPv4, mfumo wa namba hizo, ina anwani takriban bilioni 4.3 tu, dunia nzima. IPv6, mfumo mpya zaidi, ingetosha kila balbu na kila nanasi la Thika, na chenji ikabaki.

Tovuti nazo, zikisoma anwani hiyo ya umma, mara nyingine humweka mkazi wa Ruiru katikati ya Nairobi. Hapingi. Mwenye nyumba alishamtoza kodi ya hukohuko.