Heko, Ukuta Uliotoa Tumbo

Wanaosifu ufuo wa Diani wapo tele, na hata mbega wa huko wana mashabiki wao. Aliyewahi kuusifu ukuta uliopinda sijamsikia. Basi mzigo huo niachieni mimi: ukuta wa matumbawe uliotoa tumbo kama mzee aliyestaafu vizuri, wenye kona zilizokataa kabisa kuwa kona.

Kwanza, una ukoo. Jiwe la matumbawe lilikuwa mwamba wa baharini, na hata likichongwa halisahau kwao: hili nene, lile jembamba, jingine lina tundu la kutosha kidole. Msikiti wa Kongo, karibu na Mto Mwachema unapoingia baharini, ulijengwa kwa jiwe hilo na chokaa, wala sijasikia muumini aliyeghairi swala kwa kuwa ukuta haukunyooka. Na nyumba za udongo za Wadigo je? Fito hufuata mti ulivyoota, udongo hufuata kiganja cha aliyekandika. Timazi ingeona haya kuingia humo.

Kisha ikaja jipsamu. Mwaka 1894 Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi ya plasta na karatasi, na leo kizazi chake kimefika Ukunda kwa mkokoteni: futi 8 kwa 4, imenyooka kama karani siku yake ya kwanza kazini. Nilipoamua kuuvika ukuta wangu bodi hiyo, ndipo uliponionyesha ukarimu. Ukuta ulionyooka humlisha fundi mmoja. Wangu wa Msambweni ulimlisha fundi, msaidizi wake, mwenye duka la vifaa, na kijana wa bodaboda aliyetumwa mara tatu, mara skurubu, mara tepu, mara msasa.

Fundi alivuta uzi toka pembe hadi pembe. Ukalala juu ya tumbo. Kwenye ncha ungepitisha ngumi. Akausogelea ukuta, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akageuka.

"Mama, huu ukuta una maoni yake."

Kwenye kona alipima futi 3 upande mmoja, 4 upande wa pili. Kona ya haki ingempa 5 akikata mshazari. Alipata 5 na inchi 2, akaandika kwa penseli ukutani, akazungushia duara kama mwalimu anayesahihisha hesabu. Ikabidi apige fremu ya chuma mbele ya ukuta na kuijazia nyuma vipande vya plaiwudi, hapa kimoja, pale vitatu, hadi timazi ikatulia. Sebule ikapungua inchi nne na kabati halikuingia tena. Ni nani mwingine angenipa sababu safi hivyo ya kununua jipya?

Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Fundi wa jipsamu kawapiku: huziba ukuta mzima ili ufa usionekane.

Viungo vikatiwa tepu, vikapakwa mara tatu, kila mpako mpana kuliko uliotangulia, na kila mmoja usubiri wa kabla yake ukauke. Ilikuwa masika, haukukauka, ulifikiria kukauka. Halafu msasa. Vumbi jeupe likaingia kwenye nyusi, kwenye sufuria la pojo, kwenye paka. Usiku wa mwisho fundi aliilaza tochi ya simu ukutani, akaitembeza polepole, akasema, "Maji mtungini." Nikalipa.

Juu ya dirisha tu, ambako fremu ya chuma ingeziba ile ya mbao ya dirisha, bodi alikuwa ameigandisha kwenye ukuta wenyewe.

Dirisha jingine, la ukuta wa pembeni, linatazama bahari. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua likachungulia likiwa chini, mwanga ukapita ukutani kwa ubavu, na pale juu kukatokea kivuli cha mviringo, laini, chenye ukubwa wa sinia.

"Shikamoo," nikauambia.