Kuku Hasomi Lebo

Mume wangu akiamua jambo, huwaamulia na majirani. Alipoamua kwamba sasa tutakula mboga za kilimo hai tu, alirudi Goba jioni na paketi za mbegu kutoka nje, zenye picha ya karoti iliyoogeshwa. Bei yake ingetununulia mafungu ya mchicha ya wiki nzima, na nauli ya kwenda sokoni juu.

Mama mkwe akaigeuzageuza paketi. “Baba, hizi mbegu zimepita chuo kikuu?”

Mume wangu akaeleza kwamba mbegu hai huzaa mboga isiyo na sumu. Sivyo hasa. Lebo ile inasimulia habari za mama wa mbegu: alilimwa bila mbolea wala dawa za viwandani, na mbegu zenyewe hazikupakwa ile dawa ya fangasi ambayo mara nyingi huzitia rangi ya waridi. Ukishaipanda, mengine yote ni juu yako. Ukiinyunyizia sumu, lebo haitakuokoa. Na mbegu ya kawaida isiyopakwa dawa, ukiilea kwa samadi, hutaona tofauti mezani. Mkulima anayeuza kwa nembo ya Kilimohai ana sababu ya kuzitafuta, maana mkaguzi atataka kujua mbegu katoa wapi. Mimi mkaguzi wangu ni mama mkwe.

Spinachi ndiyo iliyotuaibisha. Kumbe ilikuwa ile ya Ulaya, inayopenda baridi. Hii tunayonunua sokoni ni mmea mwingine, ndugu wa damu wa bitiruti, na joto wamezoeana. Ya paketi ilichomoza, ikaonja jua la Dar es Salaam la Januari, ikatoa vijani vichache na kukimbilia kuchanua kama abiria aliyeona daladala la mwisho. Hai ilikuwa hai kweli, ila haikuwa ya hapa.

Ningekuwa na pesa ya kuchezea, ningeuliza kwanza kama mbegu ni chotara. Paketi ikiandikwa F1, ukihifadhi mbegu zake watoto hawatafanana na mama. Nyanya ya Tengeru 97 si chotara: chagua tunda zuri, acha mbegu zichachuke na ute wake siku mbili tatu, suuza, anika kivulini, na duka la mwakani unalo kabatini. Mama mkwe naye huachia mche mmoja wa mchicha ukomae, akaukung'utia kwenye khanga. Hajawahi kununua mbegu ya mchicha maisha yake.

Karoti zilipoanza kuchungulia, kuku wa jirani wakawahi. Mume wangu akaenda kulalamika, akitaja bei ya kila paketi. Jirani akamsikiliza kwa heshima zote.

“Lakini hazina sumu, si ndiyo?”

“Hazina.”

“Alhamdulillahi. Nilishaanza kuwahofia kuku wangu.”

Wiki iliyofuata akapandisha bei ya mayai. Ya kilimo hai, akasema, na mume wangu akanunua trei nzima.