Siri Yenye Anwani
Stendi ya Rongo, mheshimiwa akishuka kwenye gari jipya, vijana wa bodaboda huwa wameshamaliza uchunguzi: "Huyo ni Frimasoni." Ushahidi? Pete. Kubwa, tena ya kidole kibaya.

Tusiwacheke. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuwasaka waabudu shetani. Ripoti ikakaliwa hadi 1999, utadhani yenyewe ndiyo iliyokuwa na siri. Hao Frimasoni, ambao uvumi huwahesabu miongoni mwa waabudu shetani, nao wana jumba lao Nairobi, Barabara ya Nyerere, mchana kweupe.

Njama za kweli nazo hazijifichi: zabuni hapa kwetu hugawanywa hotelini, samaki mezani, mhudumu anasikia kila kitu. Ukitaka njama, ndugu yangu, agiza chai ukae meza ya pili.