Kilio cha Inveta

Saa tisa za usiku inveta yetu ilianza kulia. Ni mlio mwembamba tu unaotoka chini ya meza ya sebuleni, pii, pii, pii, lakini sisi tunakaa shamba, nje ya Muheza, ambako usiku husikii ila majani ya michungwa. Nyumba nzima iliamka. Betri imekwisha. Mume wangu akaizima inveta, intaneti nayo ikazimika. Usiku wa pili vilevile, na wa tatu.

Nguzo za umeme hazijafika kwetu, kwa hiyo tunatumia sola: paneli moja, betri ya volti 12 na ampea-saa 50, na inveta ya kuwashia televisheni. Taa zinachukua umeme moja kwa moja kwenye betri. Televisheni ikishazimwa, kinachobaki kwenye inveta usiku kucha ni ruta peke yake, ile ya laini ya simu, iliyowekwa dirishani kwa sababu huko ndani mtandao haushiki. Basi ruta ikawa ndiyo mchawi. Mume wangu akatoa amri: izimwe mara baada ya taarifa ya habari.

Amri ile ilidumu siku mbili. Wifi yangu anafanya kazi Muscat na hutoka usiku. Kwao ikiwa saa tano, kwetu saa nne, ndipo humpigia mama yake kwa video. Mama mkwe si mtu wa kulalamika. Usiku wa pili nilimkuta ameketi kitandani, ushungi ameuvaa vizuri kama afanyavyo kila anapongoja simu ile, simu yenyewe ameiegemeza kwenye mto, kioo cheusi.

"Shikamoo Mama, hujalala?"

"Marahaba mwanangu. Namngoja wifi yako."

Nikaenda kuiwasha ruta bila kumwuliza mtu. Asubuhi nilimweleza mume wangu kwamba umeme ule haupunguzwi kwa kumnyima Mama sauti ya mwanawe, akakubali. Tutafute njia nyingine.

Kijana wetu wa kidato cha nne akaingia kwenye mipangilio ya ruta. Akafunga masafa ya gigahezi 5, ambayo simu zetu kongwe haziyatumii, kisha akashusha nguvu ya antena. Tuliazima kipimo cha wati kwa jirani: mwanzo ruta ilikuwa inakula wati 7, baada ya kazi yote ile ikawa 6. Wati moja! Na chumbani kwa Mama, nyuma ya kuta mbili za tofali, mawasiliano yakaanza kukatika. Nguvu ya antena tukairudisha.

Hapo ndipo tulipomwita fundi, na ningependa tungemwita siku ya kwanza. Hakuigusa ruta. Aliichomoa, akaiacha inveta ikiwaka bila kitu chochote, kisha akaubana waya mwekundu wa betri kwa mita yake yenye mdomo kama gando la kaa. Sote tukainama kutazama. Ampea 1.2.

"Dada, hiyo inaliwa na inveta yenyewe," akaniambia. "Haijamwashia mtu kitu."

Kijana akapiga hesabu: ampea 1.2 mara volti 12.5 ni wati 15. Ruta wati 7, na inayoilisha inakula mara mbili yake! Kwa saa kumi za usiku ni wati-saa 150 zinazopotea kwa kuwa macho tu, sawa na kutazama televisheni yetu ya wati 50 kwa saa tatu. Kisha nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Betri inatoa volti 12. Inveta inazipandisha hadi 230, halafu adapta ya ruta inazishusha tena hadi 12. Safari ya kwenda na kurudi pale pale, na kila hatua umeme unamwagika njiani.

Fundi alisema atarudi na kifaa kinachofaa. Mume wangu hakungoja. Jioni ile alikata waya wa adapta ya zamani, akahakikisha chanya iko katikati ya pini kama kimchoro cha nyuma kinavyoonyesha, akaunganisha ruta moja kwa moja na betri. Usiku kucha ilifanya kazi, inveta imezimwa, nyumba kimya. Tulifurahi sana. Lakini jua lilipopanda, paneli ikaanza kuijaza betri, na betri inayojazwa hupanda hadi volti 14.4. Adhuhuri nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Fundi alipoifungua ruta alituonyesha kipande cheusi karibu na tundu la umeme, kidogo kuliko punje ya mchele, kimepasuka katikati.

Tulinunua ruta nyingine, na kwa nyumba kama yetu hilo ni pigo. Safari hii fundi aliweka kirekebisha volti kati yake na betri, kile kinachoweza kushusha na kupandisha pia, kwa sababu mchana betri huvuka 14 na usiku wa manane inaweza kuteremka chini ya 12, na kile cha kushusha tu kingeiacha ruta ikizimika. Karibu na betri akafunga fyuzi ya ampea 2. Kifaa hicho nacho kinakula kidogo: jumla pamoja na ruta ni wati 8, badala ya 22.

Inveta sasa inazimwa pamoja na televisheni. Jana wifi yangu alizungumza na mama yake hadi saa tano na robo usiku, na leo alfajiri, kabla ya jua, betri ilisoma volti 12.4.