Mche Mmoja, Picha Tatu

Juzi tulisombwa kwa matatu kutoka mtaa wa Kondele, Kisumu, kwenda kando ya ziwa "kurejesha makao ya wanyama". Mafunjo yalikuwa yamefyekwa na tingatinga ambalo, ajabu, halina mwenyewe. Kanuni za ardhioevu zilitungwa mwaka 2009, ila nasikia matingatinga hayasomi.

Bango lilikuwa pana kuliko shamba. Mheshimiwa akakabidhiwa koleo jipya, karatasi ya duka bado imeng'ang'ania mpini, akapanda mche mmoja mara tatu hadi mpiga picha akaridhika. Mche gani? Mkaratusi! Kwenye kinamasi! Gonoleki wa mafunjo, yule ndege wa kinamasi cha Dunga mwenye kifua chekundu, haishi bila mafunjo. Mkaratusi ataufanyia nini, aufunge kamba ya nguo?

Mama mmoja msusi wa mikeka akauliza kwa sauti ya chini: "Wanangu, si mafunjo huota yenyewe mizizi ikiachwa?"

Akajibiwa kwamba kuacha hakuna bajeti. Kisha soda na fulana zikagawiwa, na chupa tukaziacha palepale. Fulana ni nzuri lakini. Nimeivaa leo.