Bomba Limetuharibia Nyumba

Kabla bomba halijaingia jikoni, nyumba yangu haikuwa na mfujaji. Maji yalikuja kwa mkokoteni, dumu la lita 20, na bei ilipanda kadiri Dar ilivyokauka. Vyombo vilioshwa kwa beseni mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia: glasi kwanza, sahani zifuate, masufuria mwisho. Yaliyobaki yakaenda chooni. Semina hatukuitiwa.

Sasa tuna sinki. Mpwa wangu hufungua bomba kwanza, ndipo aanze kutafuta dodoki. Simu inaita, anapokea: "Wee! Usinambie!" Bomba nalo linasikiliza umbea. Bomba la jikoni lililoachiwa wazi hutoa lita sita hadi kumi kwa dakika, kwa hiyo umbea wa dakika tano ni dumu zima na zaidi, na umbea wa mpwa wangu haujawahi kuishia dakika tano. Nikimkemea, "Mjomba, si maji yapo?" Yapo. Na bili ipo.

Mama watoto naye ameshika upande wa umeme. Kwake mafuta ya pilau hayang'oki mpaka jagi la umeme lichemke. Kuchemsha lita moja hula karibu sehemu ya kumi ya uniti. Haya, yamechemka, nani atatia mkono humo? Basi yanapozwa kwa maji ya bomba. Nalipia kuyapasha, nalipia kuyapoza, na mita ya LUKU inapiga kelele ukutani. Nilishauri ndoo ianikwe uani tangu asubuhi, jua la mji huu linatosha kukata mafuta. Nikajibiwa ndoo ya uani ni ya kuogeshea mtoto.

Sitaki hata kuanza habari ya sufuria la ugali. Ukilitia maji, tena ya baridi, mara tu baada ya kupakua, ukoko unabanduka wenyewe. Kwetu linalala kavu mpaka asubuhi ukoko uwe zege, kisha yaitwe maji moto, stilwaya, bomba na lawama.

Majuzi mpwa kanionyesha kwenye simu kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwapa watu vyombo vya mlo wa watu 12 waoshe kwa mkono. Kwa wastani walimaliza zaidi ya lita 100. Mashine ya kuoshea vyombo haikufika hata robo yake. "Mjomba, tununue mashine, tuokoe maji." Mashine hiyo nayo hupasha maji kwa umeme, na siku ya mgao itakuwa kabati. Wale waoshaji walikosa beseni mbili tu.

Tena vyombo vyenyewe vinatoka wapi? Humu ndani kila anayeshikwa na kiu anachukua glasi mpya. Nimetoa amri: kila mtu kikombe chake, kiandikwe jina.

Mpwa ameuliza kama rangi ya kuandikia itahimili maji moto.