Karata ya Pilau Ina Doa Mgongoni

Mtu mzima anayewatengenezea watoto karata za sikukuu hupigana vita visivyo vyake. Huhangaika na uchoraji: nyota ya Krismasi iwe na pembe ngapi, mwezi wa Idi uelekee upande gani, mbuzi aonekane mbuzi na si mbwa aliyeota pembe. Hayo yote watoto husamehe. Katika kata ya Busi, wilayani Kondoa, mtoto anayechunga humtambua mbuzi hata pale mchoraji alipomkosea adabu. Kinachoziua karata za nyumbani kiko upande wa pili, ule ambao hakuna aliyeuchora. Karata iliyokatwa kwa mkono haitunzi siri, na mwenye akili hutunga mchezo usiohitaji siri badala ya kuimaliza Desemba akipigania migongo ifanane.

Zitazame malighafi zenyewe. Boksi la biskuti lina maandishi, kwa hiyo karata moja hubeba nusu ya jina la kiwanda na nyingine hubeba tarehe ya kuharibika. Jalada la daftari lina jedwali la kuzidisha, na mara tu watoto wanapogundua kwamba nyuma ya saba mara nane kuna mti wa Krismasi, mti huo umekwisha kazi, ingawa hesabu zao huenda zikanufaika. Karatasi nyeupe ya kawaida ukiiinua kwenye jua la saa sita la Dodoma inaonyesha kila kitu. Manila ndiyo afadhali, lakini mkasi wa nyumbani, ule unaokata nyuzi, bamia na kucha kwa zamu, haukati pembe mbili zikalingana. Halafu inafika sikukuu yenyewe, ambayo ni siku ya mafuta. Pilau, sambusa na maandazi hupita katika vidole vilevile vinavyogawa karata, na vumbi jekundu la Kondoa hukaa vizuri palipo na mafuta. Kufikia alasiri kila karata ina kovu lake, na mtoto wa miaka minane anamwonya mdogo wake asiilambe ile yenye doa la umbo la kiatu. Huo si wizi. Ni kusoma, jambo tunalolihimiza mwaka mzima.

Wapo watakaosema dawa ni kuzipeleka stesheneri zikavalishwe nailoni. Zikivalishwa huteleza kama kambale. Zikichanganywa, nusu zinaishia chini ya kitanda, na ile iliyoingia kiputo cha hewa inajulikana kuliko hata zenye doa. Tena tatizo hili liliwasumbua wenye viwanda kabla yetu. Kwa karne nyingi karata nyingi za Ulaya zilikuwa na mgongo mweupe mtupu. Mwaka 1685, huko Kanada iliyokuwa koloni la Ufaransa, mtawala Jacques de Meulles alikosa sarafu za kuwalipa askari, akachukua karata za kuchezea, akazitia sahihi na kuzigeuza pesa. Mgongo mweupe ulifaa kwa maandishi, na ulifaa vilevile kwa uchafu. Migongo ya nakshi ilienea katika karne ya 19, enzi za wachapaji kama Thomas De La Rue wa London, aliyepata hataza ya kuchapa karata mwaka 1831, na nakshi hizo zilisaidia kuficha madoa. Ikiwa viwanda vilichukua muda wote huo, kumlaumu mama mwenye mkasi wa bamia ni kumwonea.

Kwa hiyo doa lipewe kazi. Tuseme kuna mafungu manne: Idi, Krismasi, Nanenane na Uhuru. Kila mtoto anakusanya vitu vya sikukuu yake: sinia, kanzu, alizeti ya maonyesho, bendera. Mwenye fungu la Idi, hata akikamilisha sinia zima, haruhusiwi kula mpaka karata ya mwezi ifunuliwe, kama vile nchi nzima inavyongoja tangazo la mwezi kuandama huku mchele umeshachaguliwa. Sasa mwezi una doa. Watoto wote wanauona ukikaribia katika rundo lililotandazwa, umebakiza karata tatu, umebakiza mbili, na kila mmoja anaanza kujipanga: huyu anaharakisha, yule anachelewesha makusudi, na wa Krismasi anaomba wingu. Doa limeleta msisimko ambao karata safi isingeuleta.

Pingamizi la haki ni la mgeni. Binamu aliyekuja kutoka mjini hajui kwamba mchuzi ni bendera na masizi ni kanzu. Atafungwa mpaka alie. Ni kweli, na huruma haitoshi: migongo ionyeshwe wazi kabla ya kugawa, kila karata na doa lake, mgeni akariri kama wenyeji walivyokariri. Akishindwa baada ya hapo, ni haki yake.

Linabaki la wazee. Ustadhi na mwinjilisti wanaweza kutofautiana kuhusu mengi, ila karata huwakunjisha nyuso kwa namna moja, kwa kuwa wote wawili wanainusa kamari. Kuwajibu kwamba humu hamna kopa wala shupaza ni ujanja tu. Kamari huingia hata kwenye mbegu za ukwaju, na pipi za sikukuu ni mtaji tosha. Jibu lenye nguvu limo mgongoni. Kamari huishi kwa kutojua, na katika karata hizi kila mtu anajua nani kashika mwezi. Mtoto anayeliona lile doa la kiatu mkononi mwa dada yake hataweka pipi hata moja. Ataila palepale, kisha aguse karata kwa vidole vilevile.